Kaya 45B Haionekani

Alhamisi, Juni 2014. Tunduma.

Baridi imekaza tangu asubuhi, na upepo unaingiza vumbi mpaka kwenye kibodi. Nimeshinda na koti ndani ya ofisi. Nina hasira, niseme tu ukweli.

Siku tatu nimepigana na orodha ya vyandarua. Shiti ya kaya tulizoandikisha sisi wenyewe ina watu wote. Nikiiunganisha na databesi ya mradi na kuitisha orodha ya kugawia, watu wa kata ya Ihanda wanatoka kamili, wa kata ya Ndalambo wanatoka nusu. Nimefuta, nimeunganisha upya, nimezima mashine, nimewasha. Wapi!

Jana nikampigia bosi wangu aliyeko Mbeya. Akasema, "Dada, kompyuta haidanganyi. Mlihesabu watu mara mbili huko porini. Printi hiyo hiyo, gari liondoke."

Nikaprinti. Leo alfajiri gari likaondoka.

Hapo ndipo ninapojichukia.

Maana saa tisa mchana nilifungua tena lile jedwali lililounganishwa, nikashuka mstari kwa mstari badala ya kuangalia jumla tu. Kwenye kolamu ya namba ya kaya, 45 ipo. Inayofuata ina alama ya kosa. Inayofuata tena, vilevile. Nikarudi kwenye shiti yenyewe: 45B, 45C.

Jamani!

Programu inachungulia mistari ya mwanzo tu, kisha inaamua kolamu nzima ni ya aina gani. Mistari ya mwanzo ni Ihanda, wakulima wa kahawa, mume mmoja mke mmoja, namba tupu. Ikaamua basi kolamu ni ya namba, na chochote chenye herufi ikakitupa nje. Wenye herufi wako chini kabisa: wake wadogo wa wafugaji wa Ndalambo.

Na herufi hizo nilizitoa mimi. Kule Ndalambo bondeni kila mke ana nyumba yake, chungu chake, shamba lake na watoto wake. Mwenzangu wa kuandikisha alitaka tuandike boma zima kuwa kaya moja. Nilibishana naye juani mpaka akakubali: mke mkubwa abaki na namba, wanaofuata wapewe herufi. Nikajiona mtetezi wao. Kumbe!

Kurekebisha kulichukua dakika tano. Nikaigeuza kolamu yote iwe ya maandishi, nikaunganisha upya, wakarudi wote. Niliwatazama pale kwenye skrini nikalia, wala sioni aibu kusema.

Nikampigia mtendaji wa kata ya Ndalambo. Akasema ugawaji umekwisha.

"Wake wakubwa wamechukua. Wadogo tukawaambia majina yao hayapo, wakabeba watoto wao wakaenda zao. Hawakugomba hata kidogo, mama."

Hiyo ya kutogomba ndiyo inaniuma. Mama yangu alikuwa mke wa tatu. Kwenye foleni ya kitu chochote, akiambiwa hayumo, alikuwa anageuka hivyo hivyo bila neno, na mimi nimeshika kanga yake. Nilikua nikidhani ni mpole tu.

Vyandarua vyao bado viko stoo hapa Tunduma. Bosi sijamwomba ruhusa, nimemwarifu. Kesho napanda gari mwenyewe kwenda Ndalambo na orodha mpya, na nitaisoma kwa sauti mbele ya watu wote, nikianza na B.