Bangili Kwenye Kanda

Jumapili, 5 Januari. Ibra.
Nimeponda iliki, nimetia kahawa, nimemeza dawa ya presha. Hilal kapiga simu kutoka Sur. Ni mtoto wa marehemu kaka yangu Seif, hana baya. Kapata kanda ya zamani ya Unguja, babake anapiga gitaa la umeme, lile la kulazwa mapajani na kutelezeshwa chuma juu ya nyuzi. Alhamisi watamkumbuka ukumbini Nizwa, mtu wa kwanza kwetu kulipiga. Nikasema mashaallah. Kahawa ikanimwagikia.

Seif hakujua kulipiga. Nilikuwa napiga mimi.

Jumatatu, 6 Januari.
Niandike tu, nani atasoma. Nilikuwa na miaka kumi na sita, bado tuko Unguja, hatujavuka bahari kuja huku. Ubao wa kitanda kibovu, nyuzi nne, sumaku ya simu iliyokufa, waya mpaka kwenye redio. Chuma sikuwa nacho, nikachukua mchi wa shaba wa mama, wa kupondea iliki. Msichana hakai mbele ya wanaume. Basi Seif alikaa jukwaani na gitaa jingine, lisilo na waya, mimi nyuma ya pazia na lenye waya. Makofi akapigiwa yeye.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Seif ndiye aliyekuwa kata, na keshazikwa. Mume wangu alikufa hajui. Mchi ninao, uko jikoni.

Jumanne, 7 Januari.
Nina hofu. Mjukuu wangu Zuwena anaolewa Ijumaa ya wiki ijayo. Wakwe ni watu wa Manah, wakali. Mwanamume kupiga gitaa watasamehe. Bibi yake bibi harusi kupigia ukumbi mzima wa wanaume, posa itavunjwa. Na mtoto wa watu kosa lake nini?

Mchana Hilal kapiga tena. Kwenye kanda kuna kelele, ting ting, kila gitaa likipanda. Hajui nini. Mimi najua. Bangili zangu. Mwanamume gani anapiga gitaa na bangili? Kila mwanamke atakayesikia atazitambua. Nikamwambia labda mende kaingia redioni. Uwongo wa mtu mzima, na wa kijinga.

Jumatano, 8 Januari.
Nimevua bangili kwa sabuni. Sijazivua tangu Unguja. Mkono umechubuka. Zuwena kauliza, nikasema zinanibana. Sijala. Nilitaka kujifanya mgonjwa, lakini nyumba ingejaa wauguzaji.

Alhamisi, 9 Januari. Kutoka Nizwa.
Tumekwenda kwa njia ya Izki. Ukumbini wakanikalisha karibu na mamake bwana harusi. Kanda ikawekwa. Nikafumba macho nikangoja nifedheheke. Gitaa likapanda, likashuka. Ting haikuja. Hata moja.

Watu wakapiga makofi, wakamwombea Seif rehema. Hilal akanijia kifua mbele.

"Ile kelele nimeitoa yote kwa kompyuta, shangazi. Khalas, sasa safi."

Nimeokoka. Mbona basi nimelia njia nzima kurudi? Zuwena alidhani namlilia kaka yangu.

Ijumaa.
Leo siandiki kitu. Hasira.

Jumamosi, 11 Januari.
Miaka sitini na zaidi nimekaa nyuma ya pazia, nilijiweka mwenyewe. Sasa hata ting yangu imefutwa, na aliyeifuta kanibusu mkono.

Nimempigia Hilal. Ile kanda ya mwanzo anayo? Anayo. Nikamwambia aje nayo.

Jumapili, 12 Januari.
Kaja baada ya adhuhuri. Nikamwita na Zuwena akae. Hilal akaiweka, ting ting ikajaa sebule. Nikasema.

"Hiyo si kelele. Ni bangili zangu. Aliyepiga ni mimi."

Nikaleta mchi nikauweka mezani. Hilal akaniomba radhi, maskini, kwa kosa alilofanya bila kujua. Nikamwambia Zuwena wakwe wakisikia posa itavunjika, kwa hivyo aseme yeye: tunyamaze au tusinyamaze. Nilitaka aseme tunyamaze. Wallahi nilitaka.

Zuwena akaomba irudiwe.

Jumatatu, 13 Januari.
Zuwena kamtumia mchumba wake ile yenye kelele, na kamwandikia ni nani anayepiga. Kanionyesha simu baada ya kwisha kutuma. Mchumba hajajibu bado.

Naogopa. Nimepaka mkono sabuni, nimezirudisha bangili, moja moja. Zuwena kanisaidia ya mwisho. Kisha nimeponda iliki ya kahawa, na zimelia.