Uyoga wa Mama

Makanyagio, Jumapili, Januari 1998

Mvua imenyesha tangu alfajiri, hii wanayoiita Elnino, na mimi nimekaa jikoni nimejikunyata. Si baridi. Ni woga.

Leo nusura nimzike mama yangu.

Tangu nimtoe kijijini Litapunga baada ya mavuno, mama anatupotea kidogo kidogo. Anasahau kama ameoga. Anamuulizia baba, aliyefariki siku nyingi. Daktari mmoja aliyepita hapa mjini alinieleza kwamba wataalamu wanachunguza vyakula: mboga za majani, samaki, manjano, hata uyoga. Ndani yake mna vitu ambavyo huenda vinazuia ubongo usivimbe kwa ndani na kuchakaa. "Huenda," alisema, tena akarudia. Mimi nikasikia "hakika".

Nikageuza nyumba kuwa zahanati. Mlenda, matembele, dagaa, na manjano kila mahali. Mume wangu ananitania kwamba siku hizi hata chai anaikagua kwanza. Mama nikawa namhubiria kila tukikaa: kula hiki mama, kizuri kwa ubongo. Uyoga niliutaja kwa sifa zaidi, maana yeye ni Mkonongo wa porini hasa, na kwa uyoga hakuna aliyemzidi. Mimi mwenyewe amenifundisha yeye.

Leo mvua ilipopungua alitoka bila kuaga. Akarudi amelowa chapachapa, kanga imejaa uyoga, uso umechangamka kama zamani. Nilifurahi mno hata sikuuangalia. Nani amkague mama yake?

Akaupika mwenyewe kwa karanga, akasonga ugali. Kwetu aliyechuma ndiye anayekula kwanza. Wengine mnanawa na kusubiri. Akimeza yeye, mnajua ni salama. Mama akamega tonge, akachovya. Mimi nilikuwa nasogeza mabaki aliyochambua, ndipo nikaona shina jeupe lenye kikombe chini yake. Ule ule aliokuwa akinichapa utotoni nikiugusa tu.

Nikampiga mkono. Tonge likaanguka.

"Unanipiga, mwanangu? Mbele ya mumeo?"

"Mama, umo uyoga mbaya humo!"

"Mimi ndiyo nisijue uyoga? Nyie wa mjini ndiyo mnajua?"

Nilimwaga chungu kizima chooni. Mama alilia kwa sauti, kama mtu aliyefukuzwa nyumbani kwake. Nami nikalia. Mume wangu akabaki amesimama na mikono yake iliyonawa, hajui amshike nani.

Sasa nawaza na kukosa raha. Mboga zote hizi ni kinga, tena kinga ya huenda. Hazirudishi kilichokwishaondoka. Na aliyempeleka porini ni mimi, kwa mdomo wangu huu.

Tena niseme ukweli wote, maana hapa hakuna wa kunicheka. Juzi nilisahau maharage jikoni mpaka yakaungua. Jina la jirani yangu lilinitoka nikiwa namtazama usoni. Nilikuwa nasema nampikia mama mlenda, kumbe nilikuwa najipikia mimi.

Jioni mama aliamka kutoka usingizini, ametulia, hana kinyongo. Akakaa karibu nami, akanishika bega.

"Mwanangu, kesho mvua ikikatika nikakuchumie uyoga. Si ulisema unasaidia ubongo?"

Hakukumbuka lolote. Wala chungu, wala machozi, wala mkono wangu.

Nimemjibu tutakwenda wote. Kumfungia ndani siwezi. Pori ndilo pekee linalomchangamsha. Nitamwonyesha uyoga mmoja mmoja, aniambie jina lake na kama unaliwa.

Naogopa kesho. Naogopa ule wa kwanza atakaoukosea, maana na mimi sina uhakika na uyoga wote, na hakuna mwingine wa kumuuliza.