Kikombe cha Bluu na Mtihani wa Presha

Doha,
Jumapili alasiri.

Kwa Baba, Mwalimu wangu wa kwanza,

Kwa masikitiko makubwa natangaza kwamba kile kikombe cha bluu ulichonipa nikiondoka Karungu hakipo tena duniani. Kiliteleza mkononi, kikapasuka vipande vipande. Maziko yalifanyika kwenye pipa la taka. Mhubiri nilikuwa mimi. Waombolezaji, Mganda ninayelala naye chumba kimoja, na paka.

Shikamoo, Baba. Salamu imekuja baada ya tangazo, na najua kalamu yako nyekundu imeshaanza kazi. Mimi mzima. Tumbo langu bado linafika kazini kabla yangu, wapishi wenzangu wanaliita meneja. Wewe je? Na usiniambie "sijambo" tu, kwa sababu mkwe wako Atieno amenieleza.

Amesema ulianguka pale sokoni Sori ukichagua dagaa wa omena, mdomo ukaenda upande, maneno yakakataa kutoka hadi jioni. Kwenye simu wewe uliniambia ni jua. Baba, jua la Sori umeishi nalo tangu utotoni. Limeanza lini kukupinda mdomo?

Atieno amenifunulia na mengine. Kumbe kliniki ya presha umeifanya mtihani! Wiki ya kliniki unameza dawa kila asubuhi, unakula mboga bila chumvi, unatembea hadi kanisani na kurudi. Nesi akikupima anapiga makofi: "Mwalimu, wewe ni nambari wani!" Ukitoka hapo, shule imefungwa. Dawa inarudi kabatini, na ile karatasi yako uliyofungia chumvi inarudi mfukoni, unaifungua hata kwenye matanga ya watu. Juzi nilipokuuliza kama umekunywa dawa, ulinijibu, "Kliniki bado, wewe! Mimi nilikufundisha kushika kijiko, leo unanifundisha kumeza?" Nami nikacheka, mjinga mimi.

Unakumbuka ulivyokuwa ukiingia darasani Ijumaa mchana bila taarifa, "Fungeni vitabu!", na mimi mwanao nikapata sufuri mbele ya wenzangu? Sasa ni zamu yako. Atieno akupeleke kupimwa siku ambayo si ya kliniki, bila kujiandaa, nesi aione presha yako ilivyo. Ukipata alama mbaya sitakucheka. Na dawa umeze kila siku, hata kichwa kisipouma. Nakuomba, Baba.

Msalimie Atieno, na usimnunulie soda ili anyamaze. Msalimie mdogo wangu Odhiambo, mvuvi wetu. Shangazi Awuor, dada yako wa Kosele, mwambie aendelee kukuombea, lakini pia akufichie chumvi.

Kuhusu kikombe, niseme ukweli. Hakikuteleza. Nilikuwa nakinywea chai Atieno alipopiga simu. Alisema, "Baba ameanguka," kisha akanyamaza, nadhani alikuwa anavuta pumzi tu. Katika kimya kile nilikuwa nimeshakuzika, na nikajiona nafika nyumbani watu wameshatawanyika. Aliposema, "lakini anapumua," kikombe kilikuwa chini tayari. Mganda ndiye aliyezoa vipande. Mimi mikono ilikuwa inatetemeka, na haijatulia sawasawa hadi leo. Kwa hiyo ukiona mwandiko umepinda humu, usiuwekee alama nyekundu.

Ni mimi mwanao mwoga,
Ochieng'