Viraka vya Nasrini

Shoga yangu Nasrini,

Mungu akulaze pema. Sisi hapa Ngamiani hatujambo. Baba yako amerudi kukaa dukani. Taipureta alizokuwa akiuza zimekwisha kabisa. Tangu serikali ilipofungulia biashara na nje, rafu zote zimejaa kompyuta za mitumba kutoka Dubai. Juzi nimemsikia akicheka na mteja. Nikasema alhamdulillahi.

Sasa nikupe habari ya kazi yetu. Ulituacha katikati ya kuifanya programu ya dawa ya zahanati ya Chumbageni iandike maelezo ya mgonjwa kwa Kiswahili. Mabadiliko yako ya mwisho yalikuwa kwenye kompyuta ya dukani, viraka vidogo vidogo vya kutiwa kimoja juu ya kingine, kama ulivyonifundisha. Nikavitia vyote kwa mpigo, programu ikajengeka, yaani kompyuta ikaiunga yote bila kosa, ikawaka. Ningeipeleka hivyo hivyo. Lakini nilikuwa nakusikia: "Mwana, kila kiraka kikiingia programu ijengeke. Si cha mwisho tu!"

Basi nikaandika amri za kuifanya kompyuta ijaribu yenyewe: itie kiraka kimoja, ijenge, itie kinachofuata, na ikigoma isimame inionyeshe wapi. Nikaiacha nikaenda kuswali adhuhuri. Kurudi, imesimama katikati. Nasrini wewe! Kiraka kimoja kilikuwa kinaita sehemu ya programu ambayo ulikuwa hujaiandika bado. Uliiandika kwenye kiraka kinachokifuata. Nilicheka peke yangu, halafu machozi. Nikavibadilisha nafasi, nikaanza tena. Umeme ukakatika, tukangoja zamu yetu ya mgao, nikaanza tena. Vikapita vyote.

Tukaipeleka zahanati. Haukupita muda, nesi Halima wa pale akaja mbio dukani, kashika karatasi. "Mwana, hebu tazama. Mtoto mchanga ameandikiwa vijiko viwili, kipimo chake ni nusu!" Bahati nzuri aliiona kabla dawa haijatoka kwenye dirisha la dawa.

Hapo ndipo nilipokuelewa, shoga. Nilirudi mwanzo nikavitia viraka upya kimoja kimoja, na kila nilipofika programu ilijengeka, nikaweza kuchapa karatasi ya yule mtoto na kuisoma. Nusu kijiko. Nusu kijiko. Vijiko viwili! Kumbe ni kiraka kimoja tu, kilichokuwa kinampa mtoto kipimo cha mtu mzima. Lau kama vingekuwa havijengeki katikati, mpaka leo ningekuwa napapasa. Nilikirekebisha kabla ya alasiri, na nesi Halima akakaa palepale mpaka alipoisoma karatasi mpya kwa macho yake.

Jina lako nimeliacha juu ya viraka vyako. Sasa Muheza nao wanaitaka programu, Jumatatu nakwenda kuwawekea. Nakuahidi hakitatoka kiraka mkononi mwangu bila kujaribiwa peke yake, hata wakinihimiza vipi. Na Yasini yako kila Ijumaa nakusomea.

Pumzika, Nasrini. Jana mama mmoja alisimama pale dirishani pa zahanati akajisomea maelezo ya dawa ya mwanawe, neno kwa neno, akaitia dawa kwenye kikapu akaenda zake. Hakumuuliza mtu.

Shoga yako,
Mwanahamisi