Kisu cha Mkono Wako wa Kushoto

Mama,

Ni mimi, mukwe wako. Miaka kumi na tisa ulikaa kwenye nyumba ya nyuma, kiwanja kimoja na sisi, hatua thelathini kutoka mlango wangu, na katika miaka hiyo yote nadhani sikukuambia sentensi mbili mfululizo ila siku moja tu. Leo nakuandikia karatasi nzima. Kapinga anasema mtu akishazikwa, bukwe inalegea kidogo. Sijui kama ni desturi ya kweli au binti yako ananihurumia. Nikikosea, utanisamehe.

Siku ya matanga, jirani mpya wa ng'ambo ya barabara aliniuliza kwa sauti ya chini kama mimi na wewe tulikuwa tumegombana. Alikuwa ameniona mara nyingi nikikatiza nyuma ya choo kila ulipotoka kuanika nguo. Nikamweleza kwamba hapana, ni bukwe: mwanamume hali na mama wa mke wake, hamshiki mkono, hamtazami usoni, na jina lake halitaji. Kwetu Manono iko hivyo, na kwenu Kasai iko hivyo na kuzidi. Ndiyo maana hata mtoto wetu wa kwanza, aliyepewa jina lako, mimi sikuwahi kumwita kwa jina hilo. Namwita Kaku, bibi, tangu akiwa mchanga kwenye mgongo wa mama yake. Jirani akasema, "Basi ulimuheshimu sana." Nikajibu ndiyo. Lakini jibu lile halikunitosha, na ndiyo sababu ya barua hii.

Nianze na kisu, maana vyombo ndivyo ninavyovijua.

Nilikuwa nakusikia kuliko kukuona. Nikirudi kutoka atelier, karakana ya kiwanda cha mgodi upande wa Kingamyambo, nilijua uko salama kwa mlio wa mashine yako ya kukanyaga kwa mguu. Ulikuwa unashona zile kuvreli, matandiko ya vitanda ya vipande vya bitenge, makombo ambayo mafundi wa soko walikuwekea kwenye mfuko. Hakuna kitanda kwetu kisicho na moja. Halafu mashine ikanyamaza. Wiki ya kwanza nilifikiri umeishiwa uzi. Wiki ya tatu nikamuuliza Kapinga, akasema, "Miguu ya Mama iko na nguvu. Ni vidole. Hawezi tena kufungua na kufunga makasi."

Mimi ni fundi wa mashine, miaka ishirini na sita. Mtu akiniambia chombo kimemshinda, sikai. Nikaenda mjini, kwa mfanyabiashara anayeuza sindano na zipu, nikakuta kile kisu ambacho wembe wake ni wa duara, kama gurudumu dogo kwenye ncha ya mpini. Unaweka rula juu ya kitambaa, unaviringisha kisu pembeni yake, kitambaa kinafunguka chenyewe. Vidole havifanyi kazi ya kufungua na kufunga. Vilikuwepo vya aina tatu. Nilichagua chenye mpini wa chuma kitupu, chembamba, kinachong'aa. Nilikichagua kama ninavyojichagulia mimi.

Nikaongeza na kitu cha kukatia juu yake: kipande cha mpira wa ule mkanda unaobeba mawe kiwandani. Niliomba karatasi ya kutoka nacho, nikakiosha kwa sabuni mara nne, nikampa Kapinga akuletee vyote. Jibu lilirudi jioni hiyo hiyo: "Ambia mukwe wangu aksanti mingi. Kisu iko muzuri."

Hakikuwa kizuri. Ulisema hivyo kwa adabu, na mimi nikapokea kwa adabu. Mashine ikaanza tena lakini kwa kukatika katika, dakika mbili mlio, dakika kumi kimya. Kapinga aliniambia vipande vinatoka vimepinda. Nikasema utazoea.

Ile Jumamosi unaikumbuka. Kapinga alikuwa sokoni, watoto walikuwa kwenye mazoezi ya kwaya. Nilikuwa nafungua pampu ya maji mbele ya nyumba. Nikasikia rula inaanguka sementini, halafu sauti yako, siyo ya juu, kama mtu aliyekumbuka jambo, ikimwita Mungu kwa lugha yenu: "Ee Maweja." Nikaja mpaka mlangoni, nikageuza mgongo, nikasema kwamba Kapinga hayuko, naenda kumwita mama wa jirani. Ukasema, "Niko na damu mingi." Nikasema nakimbia. Ndipo ukasema yale maneno:

"Bukwe itangoja. Damu, hapana. Ingia."

Niliingia nikiangalia chini. Niliona damu kwenye mpira, kwenye vipande vya njano, kwenye ndala zako. Nikachukua kitenge, nikakunja, nikashika mkono wako nikabana na kuuinua juu. Jeraha lilikuwa kwenye kidole gumba cha mkono wa kulia, refu, karibu na ukucha. Nilifikiri kama fundi: mkono wa kulia umekatwa, basi si ndio ulioshika kisu. Nikatafuta kisu. Kilikuwa upande wako wa kushoto, wembe wazi.

Nikakuuliza, macho yangu kwenye sementi: "Mama, unakataka na mukono gani?"

"Kushoto. Tangu utoto. Ku masomo walinipiga, nikabadilisha ku kuandika, nikabadilisha ku kula. Ku kukata nilishindwa."

Karibu miaka kumi na tisa, Mama. Ningeweza kumwambia mtu yeyote ni bolti gani imelegea kwenye pampu ya kiwanda kwa kusikia tu, na sikujua kwamba bibi wa watoto wangu anakata kwa kushoto. Kapinga alijua, bila shaka. Kwake lilikuwa jambo la kawaida kiasi kwamba hakufikiri kulisema. Mimi nisingeweza kuliona, kwa sababu kazi yangu ilikuwa kutokukuona.

Kisu kile kilitengenezwa kwa mtu wa kulia. Wembe ulikaa upande mmoja wa mpini, na kwa mtu wa kushoto mpini ndio uliogusa rula, wembe ukabaki mbali, unatafuta njia yake. Mpira nao ulikuwa na mchanga wa mawe ndani, sabuni haikuutoa, ukaua makali ndani ya siku chache, kwa hiyo ulikuwa unakandamiza kwa nguvu usiyokuwa nayo. Na kile kidude cha kufunika wembe kilikuwa kigumu, kidole chako hakikuweza kukisukuma, ukawa unakiacha wazi siku nzima. Makosa matatu, yote yangu. Kisu chenyewe hakikuwa kibovu. Kilikuwa cha mtu mwingine.

Tulimngojea Kapinga zaidi ya nusu saa. Sikuweza kukutazama usoni, basi nilitazama mikono, kwani ndiyo niliyokuwa nayo. Kidole cha shahada na cha kati cha kushoto havikukunjika, vifundo vimevimba kama vya mianzi. Viwili vya mwisho vilikuwa na nguvu bado. Gumba lilikwenda pembeni, mbele halikwenda. Kiganja kilikuwa kidogo kuliko nilivyodhani. Kwa sauti yako tu nilikuwa nimekudhani mwanamke wa umbo kubwa. Kuna wakati walilipua mawe mgodini, dirisha likatetemeka, kisha likatulia. Halafu ukacheka kidogo na kusema, "Mikono yako iko baridi, mukwe." Nikaendelea kubana. Kapinga alipofika mlangoni aliacha kapu lake lianguke, si kwa sababu ya damu.

Jumatatu nilituma kuku kupitia kwake, ili kuomba radhi kwa kuvunja bukwe. Ulimpokea. Jibu likaja: "Kuku ni ya bukwe. Ile kisu, ataomba nayo radhi na nini?"

Kapinga alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilikwenda kuomba siku mbili za ruhusa kazini.

Sijawahi kukueleza mambo ya Lubumbashi, nilikokwenda kukutafutia kisu kingine, kwa hiyo nieleze sasa. Kabla ya kuingia dukani nilichukua ule utepe mweusi wa mafundi wa umeme, nikafunga kidole cha shahada na cha kati cha mkono wangu wa kushoto pamoja na kijiti, visikunjike. Ndivyo nilivyoingia. Nikamwambia mama mwenye duka aniwekee mezani visu vyote vya duara alivyo navyo, na kitambaa cha kujaribia. Akaviangalia vidole vyangu. "Tata, weye unanunua kisu ao unacheza?" Nikamwambia ni kwa mkono wa mtu mwingine, nimeuvaa kwanza.

Kulikuwa na kimoja ambacho wembe unatoka ukibana mpini na kurudi ndani ukiachia. Mwenye duka alikisifu: hakiwezi kusahaulika wazi. Kweli. Lakini ni lazima ubane muda wote unapokata, na baada ya mistari sita kiganja changu kizima, cha mwanamume wa atelier, kilianza kuuma. Nikakiweka pembeni. Kingine kilikuwa na wembe mkubwa sana, kinakata tabaka nyingi, lakini uzito wake wote uko mbele, kingekuvuta kifundo cha mkono. Kidogo kabisa kilikuwa chepesi, ila kilitaka kupitishwa mara mbili mbili. Nikabaki na cha katikati, mpini mnene wenye mpira laini, umepinda kidogo ili kiganja ndicho kisukume na vidole vipumzike. Kitufe chake cha kufunika wembe ni kipana, unaweza kukibonyeza hata kwa mfupa wa kiganja. Nikafungua skrubu yake kwa sarafu, nikahamisha wembe upande wa pili. Ulikaa. Nikautikisa kwa kucha kuona kama unacheza kwenye ekseli yake. Haukucheza. Nikauliza nyembe za kubadilisha, nikaonyeshwa kwamba zipo na za kutosha. Nikakata kitambaa chote cha mama yule kuwa vipande kama vya mkate, na nikanunua pia mkeka halisi wa kukatia, ule laini ambao mkato unajifunga wenyewe. Wakati wa kutoka, mwenye duka aliniuliza mwenye mkono ni nani. Nikasema, "Mama mukwe." Akapiga makofi, akaita wenzake waje kuniona.

Siku ya tatu baada ya kukuletea, nilirudi kutoka kazini nikakuta mashine inalia moja kwa moja, haikatiki. Nilisimama kwenye kiwanja na chombo changu cha chakula mkononi. Kapinga akatoka kwako na kuniletea maneno: "Mama anasema, ambia mukwe wangu, sasa ananijua."

Ulikitumia miezi minane. Kuvreli tatu na nusu.

Habari za kifo chako unazijua kuliko mimi. Presha, hospitali, siku nne. Nilibeba vinavyobebwa na mkwe, nilisimamia yanayosimamiwa na mkwe. Watu walipopita mbele ya jeneza, mimi nilikaa nyuma pamoja na wanaume wa ukoo wangu, sikuja kutazama. Ni sawa hivyo. Lakini ukweli ni kwamba uso wako siujui vizuri. Nina picha yako moja ya ubatizo wa Kaku, na kwenye picha hiyo umegeuka pembeni kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa napiga.

Yaliyobadilika tangu hapo ni machache. Jirani wa nyuma amejenga ukuta. Nyumba yako tumeipaka chokaa, mashine iko pale pale. Wiki kadhaa Kapinga hakuingia. Halafu siku moja aliniomba sarafu. Nikampa. Nilimwona kupitia dirishani anafungua ile skrubu ya kisu chako na kuhamisha wembe kwenda upande wa kulia, polepole, kama mtu anayemgeuza mgonjwa kitandani. Amemaliza ile nusu ya kuvreli iliyobaki. Mistari yake imenyooka kuliko yako, na hilo linamkasirisha.

Kaku ameletewa mchumba. Kijana mwalimu, mpole, watu wake ni wa Dilolo. Mali ya mahari haijapelekwa bado, kwa hiyo bado anaweza kukaa sebuleni na Kapinga na kunywa chai. Juma lililopita nilimsindikiza mpaka barabarani. Nilimwambia: "Kabla ya bukwe kuingia, mutazame mama huyu vizuri. Anashika kikombe na mkono gani. Anainuka namna gani kwenye kiti. Halafu ukishaoa, funga macho, lakini uwe umeshaona." Alisema ndiyo, tata, kwa heshima. Nadhani alifikiri nimekunywa. Ataelewa.

Sasa neno la mwisho, na hili Kapinga hajui kama nakuandikia. Vidole vyake vimeanza kukakamaa. Asubuhi anakaa ukingoni mwa kitanda, anavifunga na kuvifungua ndani ya khanga, anafikiri nimelala. Kulia, cha shahada kwanza, kama chako kilivyoanza kushoto. Hajalalamika. Ni mtoto wako, ataniambia kisu iko muzuri mpaka damu itoke.

Lakini yeye ni mke wangu, Mama. Yeye naruhusiwa kumtazama. Nakuahidi nitamtazama kila asubuhi, na sitangoja aniambie.

Pumzika. Mkono wako wa kushoto ningeutambua popote.

Mukwe wako.