Hoja Iliyofunga Uwanja

Shuleni,
3 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na cherehani yako kuukuu nayo iwe nzima, maana ikiugua yenyewe, anayelala kitandani ni wewe. Sisi huku hatujambo, ila mgongo wangu, tangu nivuke miaka hamsini, umekuwa na maoni yake. Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu hunikatiza, na jambo hili linataka mtu alisikilize mpaka mwisho ndipo agombe.

Kwa kifupi (najua wanafunzi wananiita Mwalimu Kwa Kifupi, na najua sababu yake), binti yako ameshinda mdahalo. Na kwa kushinda kwake ameua vilabu vyote vya shule hii, kikiwemo changu.

Ijumaa klabu yangu ya mdahalo ilijadili hoja kwamba michezo na vilabu vya jioni vifutwe, wanafunzi wabaki wakisoma. Kwetu mtu hachagui upande. Unatia mkono kwenye kofia yangu. Ukitoa haragwe jekundu unaunga mkono, ukitoa jeupe unapinga, upende usipende. Zoezi lenyewe ndilo hilo, kutetea usichokiamini. Mpwa wangu, ambaye ni nahodha wa netiboli na angelala na mpira kitandani kama matroni angemruhusu, akatoa jekundu. Alinijia analia kwamba hana la kusema. Nami kwa werevu wangu nikamwambia, mwanangu, si unazo barua za mama yako? Tumia hizo.

Dada, alizitumia. Akasema mpira haujawahi kumpikia mtu uji. Akasema miguu ikichoka jioni, kichwa hulala kabla ya kitabu kufunguliwa, na mtihani haumwulizi mtu alifunga magoli mangapi. Nilikusikia wewe waziwazi, mpaka nikajikuta nimekaa wima kwenye kiti.

Kura yetu haipigwi kwa mikono, kwa kuwa wapo wanaonyoosha yote miwili. Watu huinuka wakaenda kusimama upande uliowashawishi, wasemaji nao wakiwemo. Wengi walimfuata mpwa wangu kwa kumshangilia tu, wakijua ni mchezo. Asiyejua alikuwa mmoja, naye ni mkuu wetu mpya. Amefundisha hesabu maisha yake yote, na kwake kilichothibitishwa kimethibitishwa. Akasimama, akatushukuru kwa kumfumbua macho, akatangaza kwamba kuanzia Jumatatu vilabu vyote vimefutwa. Tukampigia makofi, tukidhani naye anatania.

Jumatatu ikafika. Hakuwa anatania.

Mwandikie mtoto neno la kumtuliza, tafadhali. Mimi unitumie lawama kidogo tu, nyingine ninazo hapa.

Mdogo wako


Dukani,
12 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mimi mzima, cherehani nzima, majirani wazima. Pole ya mgongo. Huo ni uvivu unaotafuta njia ya kutokea.

Barua yako nimeisoma mbele ya wateja, nikacheka mpaka nikamwaga kopo la vifungo. Hatimaye shule hiyo imepata mtu mwenye akili, na wewe unaniandikia kama umefiwa. Sketi za mtoto huyu nazishona mpya kila muhula kwa sababu anazimaliza kwa kuruka. Neno la kumtuliza simwandikii. Nimemwandikia pongezi.

Wewe nawe, mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Hivi kweli mtu mzima na ndevu zake anaachia haragwe limwamulie atakachosema? Mimi nikimwambia mteja kitambaa hiki hakichuji, basi hakichuji. Kama nataka kusema kinachuja, nasema kinachuja, naye anakwenda duka la pili.

Mwache mkuu afanye kazi yake. Naishia hapa, mama wa vifungo wa mlango wa pili ameshachanganya karata, na nisipowahi ataniibia kama jana.

Dada yako


Shuleni,
9 Aprili

Dada,

Shikamoo tena. Mimi niko wastani. Hali ya mpwa wangu ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Kwanza nikupe habari za amani tuliyoletewa. Kila jioni shule nzima inakaa ukumbini, kimya, vitabu wazi. Msimamizi ni mimi, kwa kuwa mlezi asiye na klabu huhesabiwa hana kazi. Na wanasoma? Wanalala macho wazi, ufundi ambao sijauona hata kwenye vikao vya walimu, na huko wamo mabingwa. Wale wa maigizo wanaigiza kwa nyusi. Wale wa kwaya wanavuma midomo imefungwa. Nikisogea upande huu, sauti inahamia upande ule. Kwenye pete ya netiboli wameanika matambara ya kudekia. Sungura wa klabu ya kilimo, ambao hakuna aliyewasomea tangazo, wanaendelea kuzaana, na kwa kuwa wanachama hawapo, anayewalisha ni mimi. Majaribio yametoka na alama zimeshuka. Mkuu anasema ni kwa sababu bado hawajazoea kusoma.

Hayo tungeyacheka, lakini binti yako hacheki. Wamembandika jina, Wakili. Akienda kukaa mezani, wote mezani wameshashiba. Wasichana wa timu yake, waliolala naye bweni moja tangu kidato cha kwanza, wamehamisha ndoo zao zisikae karibu na yake. Pongezi zako amezikunja akazisukuma chini ya godoro. Jana alikuja kwangu, akasimama mlangoni mwa jiko akinitazama nikikata majani ya sungura, kisha akaniambia taratibu kwamba anataka kuhama shule, muhula huu huu, na nisimwambie mama. Ndiyo nakwambia.

Nikaenda kwa mkuu kumweleza, kwa mara nyingine, kwamba msichana yule hakuamini hata neno moja katika aliyoyasema. Akaniuliza kwa upole kama klabu yangu ilikuwa ya kuwafundisha watoto uongo. Jibu fupi sikuwa nalo, na refu hakulingoja. Mwisho akasema, "Mwalimu, lililofungwa kwa hoja litafunguliwa kwa hoja." Ameruhusu mdahalo wa marudio, hoja ileile, siku ya wazazi, mpwa wangu awe upande wa kupinga. Kura watapiga wazazi peke yao. Wanafunzi anasema wana masilahi.

Kikwazo ni kwamba hakuna wa kuunga mkono. Wanafunzi hawataki hata kulitazama haragwe jekundu, wameona lilivyomfanya mwenzao. Walimu wana udhuru, huyu ana mafua, yule ana harusi ambayo mpaka leo haina bwana harusi. Pasipo upande wa pili hakuna mdahalo, na pasipo mdahalo huyu bwana hafungui kitu, na mtoto atahama.

Maneno ni yako, Dada. Njoo uyatetee mwenyewe.

Mdogo wako


Dukani,
17 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Salamu nimezipata, na mengine yamenipata.

Nina sare za watu za kumaliza, nina mguu unaovimba kila nikipanda basi, na wewe unaniita nije nibishane na mtoto wangu wa kumzaa mbele za watu. Tangu utotoni ukivunja chungu unakuja kuniita mimi niokote vigae.

Nitakuja. Sitaki mtu mwingine ayachukue maneno yangu ayaharibu. Lakini tusidanganyane. Mimi sitii mkono kwenye kofia ya mtu. Nitasema ninachoamini, wala sitalegeza kwa sababu ni mwanangu. Akishindwa, atabaki hapo hapo asome, kuhama hahami. Mwambie ajiandae.

Na hiyo habari ya meza ungeniandikia siku nisiyo na kazi. Nimekata shati la mteja nikatoa mikono miwili, yote ya kushoto.

Dada yako


Shuleni,
6 Mei

Dada,

Shikamoo. Natumaini mguu umetulia. Ulikimbilia basi bila kuniaga, ukaniachia mwavuli wako na maneno yangu mdomoni. Ndiyo maana nakusimulia jambo ambalo ulikuwepo. Najua utakavyowasimulia hao wa karata, na nataka pawepo masimulizi mawili.

Ulisema vizuri kuliko wote niliowahi kuwafundisha, tena bila karatasi. Ulipofika kwenye mpira na uji, baba mmoja nyuma yangu alisema huyu mama apewe wizara. Mkuu alikuwa anaitikia kwa kichwa kama anayesahihisha jibu lililo sawa. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuwaza majina ya kuwapa sungura, maana niliona tutazeeka pamoja.

Mpwa wangu aliposimama nilijua atasema habari za netiboli, na kwamba watu watasinzia. Hakuitaja. Aliugeuzia ukumbi mgongo akakutazama wewe, jambo ambalo nimemkataza tangu aingie klabuni.

"Mama akifunga duka jioni anacheza karata na mama wa vifungo," alisema. "Hazijawahi kumpikia uji. Likizo huwa nasoma chumba cha nyuma, nikamsikia anacheka. Mchana kutwa huwa simsikii akicheka. Watu wazima wote wangekuwa na saa kama hiyo, hata walimu, ingekuwa afadhali. Sasa nani hapa atasimama amwambie mama yangu aache karata?"

Akakaa. Hakutoa hata shukrani kwa mwenyekiti. Wewe ulikuwa unatafuta kitu kwenye mkoba wako; mpaka leo sijui ulikuwa unatafuta nini, wala kama ulikipata.

Wazazi wakainuka, wakajigawa. Mkuu akawahesabu, akawarudia, akavua miwani akatangaza kwamba pande zimelingana, isipokuwa yupo mmoja bado amekaa. Ulikuwa wewe. Ukainuka na mkoba wako. Tangu klabu ianze, hakuna msemaji aliyewahi kuuacha upande wake; hata aliyejichosha mwenyewe kwa hoja zake hubaki nazo. Ulikatiza ukumbi wote taratibu na mguu wako ule, ukafika alipo mtoto, sote tukangoja neno. Ukamshika kola.

"Hii kola imekaa vibaya. Nani alikushonea?"

"Wewe, mama."

Ukainyoosha, ukabaki umesimama pale pale.

Ulipokuwa njiani, mkuu alifungua vilabu vyote. Matambara yameshuka kwenye pete. Ndoo zimerudi karibu na ndoo, na jana walimgombania kiti mezani, jambo ambalo nalo ni kelele lakini nimelivumilia. Kuhama hakutajwi tena.

Ila huyu bwana wetu kila neno analichukua zima zima. Ile sentensi ya watu wazima na walimu ameiona imethibitishwa, kwa hiyo sasa kila mwalimu lazima awe na klabu ya kucheza, si ya kulea. Mimi nimepangiwa netiboli. Nadaka. Nakuandikia goti likiwa limefungwa bandeji, na aliyeniangusha ni nahodha, mpwa wangu mwenyewe, ambaye aliniomba radhi akicheka.

Niambie jambo moja, Dada. Ulivuka kwa nini?

Mdogo wako


Dukani,
15 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Mguu umepungua. Pole ya goti, ingawa siamini ulianguka ukikimbia. Nadhani uliangushwa umesimama.

Umeuliza. Upande wangu kulikuwa na dirisha lisilo na pazia na jua lilikuwa linanichoma usoni. Akikuuliza yeyote, jibu ndilo hilo. Na ile kola haikuwa na kasoro. Niliishona mwenyewe, naijua.

Mpira bado haupiki uji, mwambie hivyo. Mwambie na sketi mpya iko njiani. Nimeizidishia upana wa chini. Si kwa ajili ya kuruka, kitambaa tu kilibaki.

Mama wa vifungo nilimsimulia, kwa masimulizi yangu, si yako. Akagawa karata tu. Basi nikaazimia jioni ile nicheze bila kucheka, nimpinge mtoto kwa ushahidi. Nikauma mdomo, nikakaza uso kama mkuu wako. Yule mwizi akachomoa karata kwenye kilemba chake.

Sikufika hata mzunguko wa pili.

Dada yako