Waliite Bara Jina Langu

Mama Sekela mke wangu,

Kamwene. Nakusalimu kwa Kihehe changu, na najua ungenijibu kwa Kinyakyusa, makusudi, ili kunikomoa. Jibu tu. Barua hii naandika kwa mkono wangu mwenyewe, sijamwomba mtu, na herufi zangu zimesimama wima kuliko za hao waliokaa madarasani miaka yote.

Niko Ipogolo, huku Iringa, kwa binti yetu Sekela. Kifua kimenibana tangu baridi ianze, sasa hata kutoka kwenda barabarani kuangalia malori ni mpaka nishikwe mkono. Mimi! Mimi niliyekuwa naitwa kila kona ya Uyole kuamua ugomvi wa mipaka ya mashamba.

Unakumbuka ile Jumapili mkwe wetu mwalimu alipotuletea ramani ya dunia? Ulikuwa unapukuchua mahindi sebuleni, mvua inapiga bati. Akasema dunia ina mabara saba. Halafu akasema wengine wanahesabu sita, wengine matano. Nikamwambia, "Shamba moja, kila mtu na hesabu yake? Si mngemwita mwenyekiti wa kijiji!" Nikatazama, nikaona Ulaya na Asia zimeshikana, hakuna bahari katikati. "Hapa nani alisimama wakati mpaka unawekwa?"

"Baba, watu wamezoea tu kusema hivyo."

"Wamezoea! Na mimi nikizoea kulima kwa jirani?"

Ukadakia, "Si umeshazoea! Au ule mkonge wa mpakani kwetu ulitembea wenyewe?"

Mkwe alicheka mpaka chai ikamwagika.

Kisha akatuonyesha ufa wa ardhi kwa kidole, unashuka toka kaskazini, unapita hukohuko kwetu Mbeya. Akasema huko mbele, miaka isiyohesabika, ardhi itapasuka, bahari itaingia, upande wa mashariki utakwenda zake uwe bara jipya. Jina bado halijapatikana. Nikasema jina lipo, watumie langu. Wewe ukaacha mahindi, ukanitazama. "Bara lenye jina lako litagoma hata kusogea."

Tulipokuzika pale shambani, nilipima nafasi yangu pembeni yako kwa miguu yangu, nikapanda mkonge kila pembe. Watu wote waliona. Sasa Sekela ananiambia mpangaji tuliyemwachia shamba amesogeza matuta ya viazi mpaka ndani ya mikonge. Mingine ameing'oa. Na ndugu zangu wa huku wamekaa kikao, wamesema Mhehe analala kwa baba zake, nitazikwa Iringa. Sekela alinyamaza. Mtoto uliyemzaa wewe, mwenye mdomo wako, alinyamaza. Wameamua mpaka wangu mwenyewe nikiwa nakohoa chumba cha pili.

Nikamwita mkwe. Nikamuuliza, ule ufa ukipasuka, Uyole inabaki upande gani, na Iringa upande gani? Akainama juu ya ramani kitambo kirefu. "Baba, hakuna anayejua kwa uhakika. Zinaweza zikatengana."

Nikamwambia elimu yake haijui mpaka. Lakini tangu hapo kila usiku naipima hiyo bahari. Bahari nzima, Mama Sekela, kati yako na mimi. Na hatakuwepo jirani hata mmoja wa kusimama aseme hawa walikuwa mke na mume.

Nimewaambia nataka Uyole. Wananijibu "sawa, baba", ile sawa ya kumbembelezea mtoto. Zamani ningepiga meza ikavunjika. Sasa nikiinua mkono nakohoa.

Basi nimefanya ninaloweza. Nimechukua kalamu ya mkwe, nikaandika jina langu kwenye ramani yake, herufi kubwa, kuanzia Mbeya mpaka Iringa, juu ya ufa wenyewe. Amekasirika, anasema ramani ni ya shule. Na akasirike. Wewe ndiye uliyesema litagoma. Ligome.

Kaa hapohapo, mama. Usisogee.

Mimi mumeo,
Baba Sekela